Kujaza Risasi Nyumbani: Unaokoa Hela au Unapiga Zaidi?

Muhula huu kwenye semina ya uchumi tulitupiwa swali lililochekesha darasa zima: je, mlenga shabaha wa Marekani anayejaza risasi zake mwenyewe nyumbani anaokoa hela? Nusu yetu tulijibu palepale: "Sasa asiokoe vipi, wakati hanunui dukani?" Tulipochukua kalamu na karatasi, jibu liligeuka mara tatu. Nimeona niwaletee hesabu yenyewe, maana inatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika bunduki.

Kwanza tuelewane kinachojazwa. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, baruti ndani yake, kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na fataki. Fataki hii si yule mzee wa kwenye matangazo anayewafuata mabinti wa shule. Ni kidonge kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuwasha baruti kinapogongwa. Ukishapiga, kichwa kimeondoka, baruti na fataki zimeungua. Kinachobaki ni ganda, na ganda ndilo ghali kuliko vyote. Linaweza kutumika tena mara kadhaa kabla halijachoka. Huko Marekani mtu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kujaza risasi za matumizi yake bila leseni, kwa hiyo wapo wengi wanaookota maganda yao, wanaenda nayo nyumbani na kuyajaza upya kwa mashine ya mkono.

Hapa ndipo jibu linapogeuka mara ya kwanza. Bunduki ndogo inayopigwa na watu wengi zaidi ni ya .22, ile ile ya mashindano ya Olimpiki ya mita 50. Risasi yake haina fataki ya kuchomoa. Dawa ya kuwashia imemwagwa ndani ya ukingo wa kitako chenyewe, na ukingo huo hupondwa risasi inapopigwa. Kuirudisha katika hali yake nyumbani ni kazi isiyo na maana, hasa kwa vile mpya dukani ni senti chache tu za dola. Mwenye bunduki hiyo hana cha kuokoa. Anunue, apige, aende zake.

Basi tumchukue mwenye .223, ambayo kichwa chake kina upana karibu sawa na huo, ila ganda ni refu, baruti ni nyingi, na fataki inabadilishika. Tupige hesabu kwa bei za mfano. Paundi moja ya baruti ina greni 7,000 na hutosha risasi kama 280. Tukiinunua kwa dola 40, kila risasi inabeba senti 14. Kichwa cha kawaida tuseme senti 11, fataki senti 8. Jumla ni senti 33, ganda likiwa ni lako mwenyewe. Ya dukani ya kawaida tuiweke senti 50. Umeokoa senti 17 kwa kila moja. Darasa likapiga makofi.

Mhadhiri akauliza: "Na mashine?" Kimya. Mashine, mizani na vifaa vingine tuviweke dola 400. Gawanya kwa senti 17: unahitaji kujaza risasi kama 2,350 ndipo urudishe mtaji. Mtu anayepiga 100 kwa mwezi atangoja karibu miaka miwili. Na muda je? Kwa mashine ya kuanzia, inayofanya hatua moja moja, tuseme anamaliza 50 kwa saa. Hiyo ni dola 8.50 kwa saa, juu kidogo tu ya kima cha chini cha mshahara cha shirikisho, ambacho ni dola 7.25. Tena hii ni kazi isiyotaka haraka wala simu mkononi, maana kosa la kipimo cha baruti linaweza kupasua bunduki usoni pa mpigaji. Hilo ndilo geuko la pili.

Ila msiondoke bado. Mlenga shabaha wa mashindano hatumii risasi ya kawaida. Anatumia ile iliyotengenezwa kwa umakini, na hiyo tuseme dukani ni dola 1.40. Akijaza mwenyewe kwa kichwa bora cha senti 30, inamgharimu senti 52. Hapo anaokoa senti 88, mtaji unarudi baada ya risasi kama 455, na saa yake moja ina thamani ya dola 44. Kwa huyu kujaza kunalipa kweli, na juu yake anapata risasi iliyopimwa kufuata bunduki yake.

Geuko la tatu haliko kwenye mashine, liko kwa mtu. Yule wa risasi za kawaida alikuwa anatenga dola 50 kwa mwezi na kupiga 100. Sasa kila moja ni senti 33. Je, ataendelea kupiga 100 na kuweka dola 17 kibindoni? Wajazaji wenyewe hutaniana kwamba huokoi chochote, unapiga zaidi kwa hela ile ile. Kwa dola 50 sasa anapiga 150, na mfuko uko vilevile. Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865 akiandika juu ya makaa ya mawe: injini zilipoanza kula makaa kidogo kwa kazi ile ile, nchi haikupunguza makaa, iliyatumia zaidi.

Kupiga zaidi si ubaya. Anayetaka mazoezi amepata mazoezi. Ubaya ni kuita jambo hilo akiba wakati huna hata senti uliyoiweka.

Hapa kwetu usijaribu, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Lakini hesabu yenyewe tunaiishi. Boom likiingia mtu ananunua jiko la gesi, sufuria na gunia la mchele ili "apunguze gharama" za kantini. Sahani imeshuka bei, ni kweli. Kisha washkaji watatu wanahamia geto kila jioni, mchele unaisha katikati ya mwezi, na yeye anarudi kantini kukopa.

Kwa hiyo ukiambiwa kitu kinaokoa hela, uliza maswali matatu: ninachokikwepa dukani ni ghali kweli? Nitakitumia kiasi gani hadi mtaji urudi? Na hiyo tofauti nitaiweka wapi? Ukikosa jibu la swali la tatu, nunua jiko kwa sababu unapenda kupika.