Moto Hauzimwi kwa Amri

Katika mwaka wa 1935 wakubwa wa Idara ya Misitu ya Marekani walitoa amri moja fupi. Kila moto utakaoonekana msituni, uwe mkubwa au mdogo, sharti uwe umekwisha kudhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Ukishindikana, basi ipangwe kazi upya ili udhibitiwe kabla ya saa nne ya siku inayofuata. Na hivyo hivyo mpaka ushindwe. Amri hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Ilipendeza masikioni na ilitiiwa kwa jasho na kwa damu. Lakini ilikuwa na kosa ndani yake, na kosa hilo lingali likiwaunguza Wamarekani hata leo.

Tusiwahukumu wakubwa wale kwa haraka. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Mkuu wa Idara wakati ule, Ferdinand Silcox, aliujua moto vizuri. Mwezi wa Agosti 1910 alikuwa afisa kijana wa misitu mjini Missoula, Montana, ulipozuka moto ambao nchi ile haijausahau. Kwa siku mbili tu, tarehe 20 na 21, upepo mkali uliunganisha mioto mingi midogo ikawa bahari ya moto, ikala kiasi cha ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington. Watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao vibarua waliokusanywa kwenda kuuzima. Msimamizi mmoja, Edward Pulaski, aliwaingiza watu wake katika shimo la machimbo, akasimama mlangoni na bastola mkononi ili mtu asitoke kukimbilia kifo. Wengi wao wakapona. Zana ambayo wazimamoto wa misitu huitumia mpaka sasa, yenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, inaitwa kwa jina lake.

Waliopita katika tanuru lile ndio waliopanda vyeo na kushika uongozi wa Idara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nao wakaapa kwamba moto ni adui, na adui hana msamaha.

Hapo ndipo lilipo kosa. Uzoefu wao ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa wa upande mmoja. Walikaa barazani wao kwa wao, wala hawakuwauliza wenyeji wa nchi. Makabila ya asili, kama Wakaruk na Wayurok wa kaskazini mwa California, yalikuwa yakichoma nyasi na vichaka kwa zamu tangu enzi za mababu: moto mdogo, katika majira yake, ili malisho na mimea ya matumizi vistawi, na moto mkubwa ukose chakula. Mkulima yeyote anayechoma shamba lake kwa kuangalia upepo, na jirani yake akisimama pembeni na tawi bichi mkononi, ataielewa elimu hiyo bila mwalimu. Lakini katika mwaka wa 1850 serikali ya California ilikuwa imekwisha kupitisha sheria iliyowatia hatiani wenyeji waliochoma majani. Hekima ya karne nyingi ikahesabiwa kuwa uhalifu.

Ikawa misitu inalindwa, na huku hatari inakua ndani yake. Majani makavu, matawi yaliyoanguka na miti midogo iliyosongamana vilirundikana mwaka baada ya mwaka. Kila moto uliozimwa ulikuwa kama deni lililoahirishwa, na deni huzaa riba.

Walioanza kuilipa riba hiyo walikuwa wafanyakazi. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, kikosi cha wazimamoto walioruka kwa miavuli kutoka katika ndege kilijikuta kinafukuzwa na moto mlimani. Msimamizi wao, Wagner Dodge, alipoona kuwa mbio hazitafaa, aliwasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake, kisha akawaita vijana wake waingie pamoja naye katika majivu yale, mahali ambapo moto mkubwa usingepata kitu cha kula. Hapana aliyemfuata. Hawakuwa wamefundishwa jambo hilo, na katika moshi na kelele zile, mtu anayewasha moto mwingine alionekana kama aliyepotewa na akili. Dodge alilala kifudifudi katika majivu, akapona. Wenzake wawili waliokoka kwa kukimbia. Wengine 13 walikufa.

Wahenga wetu wangemwelewa, kwani ndio waliosema kwamba dawa ya moto ni moto. Lakini kisa hiki kina somo lingine, zito zaidi. Maarifa yaliyo katika kichwa cha kiongozi peke yake hayamwokoi mtu mwingine saa ya hatari ikifika. Yafaa yagawanywe mapema, wakati wa utulivu, kwa mafunzo na mazungumzo, hata kila mwenye jembe ajue sababu ya kila neno analoambiwa.

Hata katika miaka ile walikuwako waliojaribu kuyagawanya. Profesa Harold Biswell wa Chuo Kikuu cha California, ambaye alikuwa amefanya kazi kusini mwa nchi na kuona misitu ya misonobari ikichomwa kwa mpango, alianza kufundisha njia hiyo huko California. Alipingwa vikali, lakini hakuacha. Katika mwaka wa 1963 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Starker Leopold ilimweleza Waziri Stewart Udall kwamba kuuzuia moto kabisa kumeiharibu sura ya misitu katika hifadhi za taifa. Mwaka wa 1968 idara ya hifadhi ikabadili msimamo wake, na mwaka wa 1978 Idara ya Misitu nayo ikaiacha ile amri ya saa nne asubuhi.

Hata hivyo, kubadili karatasi si kubadili msitu. Kuni za miaka mingi zilikuwa zimekwisha kurundikana, joto la dunia likazidi, ukame ukarefuka, na watu wakaendelea kujenga nyumba zao ukingoni mwa msitu. Tarehe 8 Novemba 2018 mji wa Paradise, California, uliteketea. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia. Mwezi wa Agosti 2023 mji wa kale wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, uliunguzwa, na watu wapatao 100 wakapoteza maisha. Januari 2025 moto uliingia katika vitongoji vya Los Angeles na kuharibu majengo zaidi ya 16,000. Nchi yenye ndege, fedha na vyuo kuliko nyingi duniani imeshindwa na majani makavu.

Ndipo lilipokuja jambo ambalo twaona linastahili kuangaliwa kwa makini. Mwezi wa Novemba 2021 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda tume maalum ya kuchunguza siasa nzima ya nchi juu ya moto wa mwituni. Tume ilikuwa na wajumbe 50. Iliongozwa kwa pamoja na Wizara ya Kilimo, wizara inayosimamia ardhi ya umma, na shirika la taifa la maafa. Lakini safari hii wakubwa hawakukaa peke yao. Waliketi pamoja na watu wa majimbo na wilaya, wajumbe wa makabila ya asili, wataalamu, watu wa mashirika ya umeme, na wazimamoto wenyewe. Mababu walioshtakiwa kwa kuchoma majani, sasa wajukuu wao wakaitwa waje kufundisha.

Mwezi wa Septemba 2023 tume ilitoa taarifa yake yenye mapendekezo 148, yaliyofikiwa kwa maafikiano. Kiini chake ni kwamba taifa liache kungoja moto uwake ndipo litoe fedha. Fedha itangulie, misitu ipunguzwe kuni, moto wa mpango utumike kwa wingi zaidi, elimu ya makabila iheshimiwe, nyumba zijengwe kwa namna isiyoshika moto upesi, na afya za watu wanaovuta moshi zitazamwe. Penye wazee haliharibiki neno, lakini kwa sharti kwamba wazee hao wanasikiliza.

Wafanyakazi wenzetu watapenda kujua kwamba taarifa hiyo haikuwasahau wanaoshika jembe. Kwa miaka mingi wazimamoto wa serikali kuu ya Marekani waliandikwa katika madaftari kuwa mafundi wa misitu tu, ijapokuwa kazi yao ilikuwa kuingia katika moto. Mpaka mwaka wa 2021 walikuwako waliolipwa chini ya dola 15 kwa saa. Sheria ya mwaka huo iliwapa nyongeza, lakini ya muda. Ikawa kila mara muda unapokaribia kwisha, baba mwenye watoto hajui mshahara wake wa mwezi ujao. Tume ilidai ujira wa haki, nyumba za kukaa, na matibabu ya mwili na ya akili. Mwezi wa Machi 2025 Bunge likaifanya nyongeza hiyo kuwa ya kudumu. Hili si jambo dogo, kwani msitu hautunzwi na taarifa, bali na watu. Na mtu mwenye ujuzi akiacha kazi kwa ajili ya njaa, huondoka na ujuzi wake.

Je, njia hii haina hatari? Inayo, wala si haki kuificha. Mwezi wa Aprili 2022 moto wa mpango uliowashwa na Idara yenyewe katika jimbo la New Mexico uliwaponyoka. Ukaungana na mwingine uliotokana na marundo ya matawi yaliyochomwa wakati wa baridi, ambayo moto wake ulijificha ardhini chini ya theluji. Ekari zaidi ya 341,000 ziliungua, na mamia ya jamaa walipoteza nyumba. Mkuu wa Idara, Randy Moore, alisimamisha uchomaji wote wa mpango kwa siku 90, uchunguzi ukafanywa, kosa likakubaliwa hadharani, Bunge likaweka mfuko wa kuwafidia wananchi, kisha kazi ikaendelea kwa taratibu mpya. Tofauti na zamani ni hii: mwaka wa 1910 woga ulizaa amri, mwaka wa 2022 hasara ilizaa uchunguzi.

Basi na tujifunze. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kidole hicho kikiwa cha mkubwa mwenye uzoefu wa miaka 30. Uzoefu ni mali, lakini ni mali inayooza ikifungiwa ofisini. Silcox aliujua moto, akakosea kwa kuwa alisikiliza hofu ya rika lake tu. Dodge aliujua moto, akabaki peke yake kwa kuwa wenzake hawakuwa wamefundishwa. Tume ya watu 50 imewakutanisha wenye vyeo na wenye majembe, na hiyo ndiyo sababu maneno yake yana uzito.

Lakini mengi ya yale mapendekezo 148 yangali yakingoja sheria na fedha. Taarifa iliyowekwa kabatini haizimi hata njiti ya kiberiti. Majani ya mwaka huu yanakauka sasa, nayo hayangoji kikao.