Mbuzi wa Bei ya Chee: Somo la Newala kwa Wafugaji wa Lupaso

Lupaso, wilayani Masasi, inafahamika nchini kuwa ndiko alikozaliwa na kuzikwa Rais wa Awamu ya Tatu, Hayati Benjamin William Mkapa. Kwa wakazi wake, kama ilivyo kwa jirani zao wa Newala juu ya Uwanda wa Makonde, fedha kubwa ya mwaka hutoka kwenye korosho, nayo huja mara moja. Miezi mingine yote, ada ya shule, dawa ya mtoto au nauli ya kwenda hospitali hutoka bandani: kuku wawili watatu, na kwa mwenye uwezo zaidi, mbuzi.

Ndiyo maana ugonjwa unapoingia, wazo la kwanza la mwenye mifugo ni kuuza haraka kile kilichobaki kabla nacho hakijafa. Wazo hilo linaeleweka. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika wilaya za Newala na Tandahimba unaonyesha kuwa mauzo hayo ya haraka ni miongoni mwa njia zilizousambaza ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Utafiti huo ulihusu sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huo, uliobainishwa kwa mara ya kwanza nchini Côte d'Ivoire mwaka 1942, husababishwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha sotoka ya ng'ombe, ambayo dunia ilitangaza kuitokomeza mwaka 2011. Mbuzi aliyeambukizwa hupata homa kali, hutokwa na makamasi na machozi mazito, midomo na fizi huota vidonda, kisha huharisha na kuhema kwa taabu. Wengi hufa katika siku chache. Hapa nchini uwepo wa ugonjwa huo ulithibitishwa mwaka 2008 katika Wilaya ya Ngorongoro, kaskazini kabisa mwa nchi, na haukuchukua muda mrefu kabla ya mbuzi wa Mtwara kuanza kufa kwa dalili zilezile.

Swali lililowakabili watafiti lilikuwa la kijiografia: je, ugonjwa wa Ngorongoro umefikaje karibu na Mto Ruvuma? Kirusi cha sotoka ni dhaifu nje ya mwili wa mnyama. Jua na ukavu hukiua upesi. Huambukizwa kwa pumzi, makamasi na mate ya wanyama walio karibu karibu, wala hakiwezi kupeperushwa na upepo kwa mamia ya kilomita. Kikionekana mahali papya, karibu daima kuna mnyama aliyekibeba, na kwa kuwa mbuzi hasafiri peke yake, kuna mtu aliyemsafirisha.

Matokeo ya uchunguzi huo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalilithibitisha hilo. Watafiti walikusanya sampuli 216 za majimaji ya damu, pamoja na sampuli za makamasi na vipande vya viungo vya wanyama. Vipimo vya maabara vilikitambua kirusi chenyewe, na asilimia 31 ya sampuli za damu zilikuwa na chembe za kinga, yaani ushahidi kwamba mwili wa mnyama ulikwisha kukutana nacho. Historia ya mifugo iliyougua iliwarejesha watafiti kwenye mbuzi wapya walionunuliwa katika mnada wa Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka huko. Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza wa kuingia kwa sotoka ya mbuzi na kondoo kusini mwa Tanzania, na watafiti walitahadharisha kuwa Msumbiji, Malawi na Zambia nazo zilikuwa hatarini.

Baada ya kuingia, ugonjwa ulisambazwa na mambo mawili. La kwanza ni malisho ya pamoja, ambako mbuzi wa kaya nyingi hukutana kila siku. La pili ni bei. Mbuzi wagonjwa waliuzwa kwa bei ya chee, na wafugaji wa vijiji vingine waliwanunua ili kuwachinja kwao. Mnunuzi aliona amepata nafuu. Lakini kati ya kununua na kuchinja kulikuwa na safari, pengine na usiku mmoja wa kufungwa kamba jirani na mbuzi wengine, na muda huo ulitosha.

Ieleweke kwamba mbuzi wa aina hiyo si lazima aonekane mgonjwa siku anaponunuliwa. Kwa kawaida dalili hujitokeza siku nne hadi sita baada ya maambukizi, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Mnyama anaweza kutoka mnadani akiwa na manyoya yanayong'aa, akasafiri siku mbili, akaingizwa zizini, na kuanza kutoa makamasi wiki inayofuata, wakati tayari amelala na kunywa maji pamoja na wenzake. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri mnyama mgeni atengwe kwa siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine. Kwa kaya yenye zizi moja dogo ushauri huo si mwepesi, lakini kamba iliyofungwa upande wa pili wa nyumba, pamoja na ndoo yake ya maji, inatosha kuanzia.

Sotoka haimwambukizi binadamu, na huenda hilo ndilo huwafanya watu wasiogope kumnunua mbuzi mgonjwa kwa kitoweo. Hapo pana hatari nyingine. Mnunuzi hana namna ya kujua kwa macho kama mbuzi aliyelegea anaugua sotoka, homa ya mapafu au kimeta, na kimeta huua watu. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa anayetokwa na damu isiyoganda puani au sehemu ya haja, hapaswi kuchunwa wala kupasuliwa hata kidogo.

Kwa upande wa kuku, mkondo wa mambo ni uleule, ila kasi ni kubwa zaidi. Kideri, ambacho wengi hukiita mdondo, kinaweza kumaliza karibu kuku wote wa kijiji ambao hawajachanjwa. Kuku huzubaa, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza miguu na mabawa. Kirusi chake hubebwa na kinyesi, manyoya, matenga ya kusafirishia kuku na hata nyayo za mchuuzi anayepita banda hadi banda. Taarifa ya vifo inaposikika kijiji cha pili, wenye kuku huwahi kuuza, na matenga huondoka na kuku ambao tayari wamekwisha kuambukizwa.

Tofauti ni kwamba dhidi ya kideri mfugaji wa kusini ana kinga iliyo karibu naye, na Mkoa wa Mtwara una nafasi yake katika historia ya kinga hiyo. Chanjo za zamani zilihitaji ubaridi tangu kiwandani hadi bandani, sharti ambalo halikuwezekana katika vijiji visivyo na umeme. Mkoani Mtwara zilifanyika baadhi ya kazi za mwanzo nchini za kujaribu chanjo zinazostahimili joto kwa kuku wa vijijini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Mojawapo ya chanjo za aina hiyo, I-2, ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Mbegu yake ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea ili kila nchi ijitengenezee yenyewe. Tanzania ilianza kuizalisha katika maabara ya Temeke, na leo huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) katika taasisi yake ya chanjo iliyopo Kibaha.

Matumizi yake ni mepesi. Tone moja huwekwa katika jicho moja la kuku, awe kifaranga au jogoo, na kuku hushikiliwa hadi apepese jicho ili tone liingie. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi minne, kwa kuwa kinga hupungua na pia kwa kuwa katika muda huo vifaranga wengi wapya huwa wameanguliwa. Kustahimili joto hakumaanishi kwamba chanjo haiharibiki. Chupa bado hutakiwa kuwekwa mahali pa ubaridi na kivuli, na kufungwa kitambaa chenye unyevu inaposafirishwa. Iliyoachwa juani juu ya baiskeli haifai tena.

Lipo lalamiko linalosikika mara kwa mara vijijini, kwamba kuku walichanjwa leo na kufa kesho kutwa. Lalamiko hilo lisipuuzwe, maana vifo ni vya kweli, ila chanzo chake siyo tone la dawa. Chanjo haitibu. Kuku aliyekwisha kuambukizwa ataugua hata akichanjwa, na kinga ya aliye mzima huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Kaya inayosubiri hadi vifo vianze kwa jirani huwa imechelewa. Ratiba nzuri hutangulia miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo huwa na milipuko mingi, na huwa bora zaidi kijiji kizima kinapochanja kwa siku zilezile, kwani kuku wa nyumba tofauti huchakura pamoja.

Gharama nayo imepunguzwa. Katika Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 16 Juni 2025 Bariadi, mkoani Simiyu, kuku huchanjwa bila malipo. Mbuzi na kondoo huchanjwa dhidi ya sotoka kwa shilingi 300 kila mmoja, na ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu kwa shilingi 500, sehemu inayobaki ikigharamiwa na Serikali. Dozi moja ya chanjo ya sotoka humkinga mbuzi kwa miaka isiyopungua mitatu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazotekeleza mpango wa dunia wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa anapohisi ugonjwa wa aina hii, na mifugo husafirishwa kwa kibali. Kwa mfugaji wa Lupaso, mlango wa kwanza ni Afisa Mifugo wa kata au Afisa Mtendaji wa Kijiji. Taarifa ya siku ya kwanza ina thamani kuliko ya siku ya tano, kwa kuwa kirusi hupatikana kwa urahisi kwa mnyama aliye katika homa ya mwanzo au aliyekufa muda mfupi uliopita, na mzoga uliooza hauipi maabara jibu. Sampuli huchukuliwa na mtaalamu na kupelekwa katika kituo cha TVLA Mtwara. Wakati majibu yanasubiriwa, mizoga ya kuku huchomwa au kufukiwa katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, mbuzi waliobaki hawapelekwi malishoni, na hakuna mnyama wa zizi hilo anayeuzwa, hata mnunuzi akiwa tayari amefika mlangoni na fedha mkononi.