Tela Linaingia Nyumbani Kinyumenyume

Sogeeni, wajukuu zangu, niwaeleze kazi moja ambayo hata watu wazima huiogopa: kuliingiza tela nyumbani kwa kurudi nyuma.

Huku kwetu Lushoto hakuna anayeifanya kwa kujionyesha. Nyumba zetu zimejengwa pale ambapo mtu amechimba ubavu wa mlima akapata kipande cha tambarare. Nyuma ya nyumba pana kingo ya udongo mwekundu, mbele pana shamba la maharage linaloteremka hadi bondeni, na njia ya kuingilia inatosha gari moja tu. Trekta lenye tela la matofali likiingia kwa kichwa, litageukia wapi? Litatoka kwa kurudi nyuma hadi barabarani, dereva akiwa haoni bodaboda wala watoto wanaotoka shule. Ndiyo maana dereva mwenye busara huanza na shida. Huliingiza tela kwa nyuma, ili akimaliza kushusha matofali atoke akiitazama barabara.

Mlima huu umewasumbua wabeba mizigo tangu zamani. Kutoka Mombo, mji ulio kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto mjini kwenye mita 1,400 hivi, barabara ina kilomita 33 tu, na kona zake kupitia Soni mnazijua. Wajerumani, walioupa mji wetu jina la Wilhelmstal, walifikisha reli ya Tanga hadi Mombo mwaka 1905. Lakini mbao za mierezi za Shume hawakuzishusha kwa barabara. Walitundika kamba za chuma kutoka msituni mpaka Mkumbara, penye reli, na mbao zikashuka zikining'inia angani. Leo mizigo ya kwetu hupita ardhini, na ardhi yetu ni nyembamba.

Sasa leteni vile vigari mnavyotengeneza kwa maboksi na magurudumu ya kandambili. Kimoja kiwe trekta. Cha pili kiwe na magurudumu mawili tu, nacho kiwe tela. Viungeni kwa msumari mmoja, tela liweze kuyumba kushoto na kulia. Vuteni mbele. Mnaona? Tela linafuata bila ubishi, na hata likipinda kidogo linajinyoosha lenyewe. Haya, sukumeni nyuma. Hatua mbili tu na tela limekwishageuka upande, limelikabili trekta kana kwamba linataka kupigana nalo.

Sababu yake ni hii. Tela halina usukani. Unapolirudisha, unalisukuma kwenye pua, pale lilipofungwa. Magurudumu yake yamekanyaga ardhi katikati na hayakubali kuteleza kwenda ubavuni. Kwa hiyo pua ikisukumwa kulia, mkia unakwenda kushoto. Pua ikienda kushoto, mkia unakwenda kulia. Dereva anayetaka mkia wa tela uingie kwenye lango lililo kushoto, huanza kwa kukata usukani kulia. Hapo ndipo wanaojifunza huchanganyikiwa, kwa sababu mikono yao imezoea kinyume chake.

Ipo njia nzuri ya kuisaidia mikono. Shika usukani kwa chini, mahali palipo karibu na magoti. Ukiupeleka mkono huo kushoto, mkia wa tela utakwenda kushoto. Ukiupeleka kulia, mkia utakwenda kulia. Hakuna tena haja ya kuhesabu kinyume kichwani.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Unapovuta, kosa hujirekebisha. Unaposukuma, kosa hukua. Tela lililopinda kidogo litapinda zaidi kwa kila hatua, hadi likunjane na trekta na mkono wake wa chuma ugonge gurudumu kubwa la nyuma. Kwa hiyo dereva hasubiri. Akiona tu mkia umeanza kuingia kushoto, anaunyoosha usukani, kisha anaukata kushoto, sasa trekta lilifuate tela kwenye kona. Mafundi wa kazi hii hukata kidogo, hungoja waone tela limejibu nini, ndipo hukata tena. Na tela fupi ni bishi kuliko refu, kwa kuwa hujibu haraka mno. Wengi wanadhani ukubwa ndio ugumu. Urefu unaleta taabu ya nafasi, ni kweli, ila unampa dereva muda wa kufikiri.

Likikunjana, dawa ni moja: kwenda mbele. Trekta likisogea mbele, tela linanyooka lenyewe, kisha unaanza upya. Nimewaona vijana wakiona aibu kusogea mbele, wakalazimisha hadi mkono wa tela ukapinda. Mimi dereva anayesogea mbele mara nyingi namheshimu sana, maana huyo anajua tela lake limefika wapi.

Kabla ya yote hayo huja maandalizi. Dereva hulipita lango kwanza, akasimama trekta na tela vikiwa vimenyooka. Huteremka, akaitembea njia yote kwa miguu. Anatazama kama mvua imelainisha udongo, kama mtaro umefunikwa na majani, kama kuna tawi la mparachichi litakaloshika mzigo. Anautazama pia upande wa pili wa barabara, kwa sababu trekta linapofuata tela kwenda kushoto, pua yake hufagia kwenda kulia. Kama nyumba iko upande wa juu wa barabara, huko kulia ndiko kwenye bonde.

Kwenye trekta dereva huketi katikati na kugeuza shingo pande zote. Dereva wa lori la tela huketi kulia, kwa hiyo akiweza kuchagua, hufika akitokea upande utakaoliweka lango kuliani kwake. Hapo atauona mkia kwa macho yake akichungulia dirishani. Kushoto ana kioo tu, na tela likishapinda, kioo humwonyesha ubavu wa tela na si kingine.

Ndiyo maana yupo utingo. Utingo husimama mahali ambapo dereva anamwona, pembeni, kamwe si kati ya mkia wa tela na ukuta. Sheria yao ni kwamba dereva asipomwona utingo, anasimama papo hapo. Nanyi watoto, nawaomba kwa moyo wote, tela likirudi nyuma msikae nyuma yake hata kama mnatamani kuona. Dereva hawaoni. Hawaoni kabisa.

"Rudi, rudi, rudi... kata kulia... nyoosha... bado... lete... simama!" Hiyo ndiyo sauti ya kazi. Shida huja pale majirani wanapotoka nje. Huyu anasema kulia, yule anasema kushoto, mama wa nyumba anaulilia mgomba wake, na kulia kwa anayemtazama dereva ni kushoto kwa dereva mwenyewe. Utingo mzuri huyamaliza hayo mapema. Hukubaliana na dereva waseme "upande wa mgomba" na "upande wa ukuta." Dereva husikiliza sauti moja tu. Neno pekee ambalo yeyote anaruhusiwa kulipaza, hata mtoto wa darasa la kwanza, ni "Simama!"

Mteremko nao una masharti yake. Matela mengi ya mashambani hayana breki zake, hivyo uzito wote wa matofali unazuiwa na trekta. Dereva huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na hakanyagi klachi njiani, kwa sababu akiikanyaga injini inaacha kulishika tela. Trekta lina pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili lipate kugeuka upesi shambani. Siku ya tela pedali hizo lazima zifungwe pamoja, la sivyo mguu ukigusa moja tu, trekta litajitupa upande mmoja. Utingo naye anatembea na gogo mkononi, tayari kulisukumia nyuma ya gurudumu.

Lipo pia tela la magurudumu manne, ambalo ekseli yake ya mbele hugeuka pamoja na mkono wa kuvutia. Hilo lina viungo viwili, na kila kiungo kina kinyume chake. Madereva wengi wakifika nalo mahali pembamba hushusha mzigo barabarani, watu wakabeba kwa mikono, na mimi nawaunga mkono.

Hata Marekani ziko familia zinazokokota nyumba za kusafiria za mita 8 na zaidi, nao wakirudi makwao hukutana na hesabu hiyohiyo mbele ya lango. Siku hizi baadhi ya magari yao yana kitufe cha kuzungusha: dereva hukielekeza upande anaoutaka mkia, na kompyuta ndiyo inayokata usukani. Kompyuta hiyo inafanya kile mkono ulioshika usukani kwa chini unachokifanya.

Tela likishafika mahali pake, kazi bado ina mpangilio. Kwanza breki ya mkono ya trekta. Pili mawe, mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya tela. Tatu matofali yanashushwa, mbele na nyuma kwa zamu, maana mkia ukibaki na uzito wote, mkono wa tela hunyanyuka juu na unaweza kumpiga anayechomoa pini. Pini yenyewe, kama tela litabaki, huchomolewa mwisho, na anayeichomoa husimama pembeni.