Shangazi aliuliza: jiji linafilisikaje?

Sote tuliokulia huku tunaijua ile kazi isiyo na mshahara. Barua ikidondoka mlangoni, unaitwa: "Njoo unisomee." Una miaka tisa, unatafsiri maneno ambayo hata kwa Kiingereza huyajui.

Septemba 2023 shangazi aliniita tena. Safari hii haikuwa barua, ilikuwa habari aliyoiona kwenye simu. "Mwanangu, wanasema Birmingham imefilisika. Jiji linafilisikaje? Kwani ni duka?"

Nilimjibu ovyo ovyo, nikarudi kwenye mambo yangu. Lakini swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye taarifa za habari. Basi hili hapa jibu, lake na lako pia, maana bili ya kodi ya kaunsili inaingia hata nyumbani kwenu.

Shata lisiloshuka

Hapa Alum Rock Road tunajua duka likifilisika inakuwaje. Shata linashushwa, bidhaa zinauzwa kwa bei ya kutupa, na baada ya mwezi mtu mwingine anauza vitambaa mle mle. Kaunsili haiwezi kushusha shata. Ina watu zaidi ya milioni 1.1 wa kuwahudumia, watoto wa kuwalinda, na wazee wanaohitaji mtu wa kuwaosha na kuwalisha.

Kilichotokea tarehe 5 Septemba 2023 ni kwamba kaunsili ilitoa notisi ya kifungu cha 114, kilichomo katika sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1988. Kwa lugha ya nyumbani: matumizi yanazidi mapato, na sheria haituruhusu kuendelea hivi. Papo hapo matumizi mapya yakasimamishwa, isipokuwa yale yanayolazimishwa na sheria. Mwezi uliofuata serikali kuu ikaleta makamishna wakiongozwa na Max Caller, kama mjomba anayekuja kusimamia hesabu za nyumba iliyowashinda wenyewe.

Na fikiria, mwaka mmoja tu nyuma jiji lilikuwa kwenye sherehe. Julai 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, marathoni ya wanaume ilikimbiwa kwenye barabara zetu: dhahabu Victor Kiplangat wa Uganda, fedha Alphonce Simbu wa Tanzania, shaba Michael Githae wa Kenya. Jukwaa zima la Afrika Mashariki, Birmingham! Kumbe nyuma ya bendera hesabu zilikuwa zinavuja.

Pesa zilikwenda wapi?

Sababu ni tatu, na zilikuja moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni ya zamani. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, serikali kuu ilianza kubana matumizi mwaka 2010. Kaunsili yenyewe inasema imepoteza takriban pauni bilioni 1 tangu hapo.

Ya pili ni mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia hesabu, uliojengwa juu ya programu ya Oracle na kuwashwa Aprili 2022. Ulitarajiwa kugharimu kama pauni milioni 19. Kufikia 2023 gharama zilikuwa zinatajwa kufika milioni 100, na bado hesabu hazikuwa zinatoka sawasawa.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: malipo sawa kwa wanawake. Kwa miaka mingi kazi zilizojaa wanaume, kama kuzoa taka, kufagia barabara na kuchimba makaburi, zilikuwa na marupurupu. Kazi za daraja lile lile zilizojaa wanawake, kama kusafisha, kupika shuleni, kuhudumia wazee na kusaidia walimu darasani, hazikuwa nayo. Oktoba 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanawake zaidi ya 170 waliokuwa wameacha kazi kaunsili wanaweza kudai haki yao katika mahakama za kawaida. Tangu hapo kaunsili imelipa karibu pauni bilioni 1.1. Mwaka 2015 iliuza hata kampuni ya NEC, yenye kumbi tunazokwenda kwa matamasha, kwa pauni milioni 307. Juni 2023 ikatangaza kwamba bado inadaiwa kati ya milioni 650 na 760, na deni linakua kila mwezi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtaani na mitandaoni ukasikia: eti kina mama wamelifilisi jiji kwa madai yao.

Nilipomweleza shangazi hilo, aliweka kikombe chake chini. Yeye ni mtu wa upatu, miaka yote, hajawahi kukosa mwezi. Akasema: "Kwa hiyo walitoa jasho kila mwezi kama wenzao, zamu yao ikarukwa. Sasa wanaidai, ndiyo mnasema wao wamevunja mchezo?"

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Lile halikuwa deni waliloliletea jiji. Ulikuwa mshahara wao, uliotumika mapema kwa mambo mengine.

Kupanga ni kuchagua

Wazazi wetu waliotoka Tanzania wanaujua msemo huu. Mwalimu Nyerere aliutumia mwaka 1969 alipokuwa anawasilisha mpango wa pili wa maendeleo. Bajeti ni orodha ya nani anasubiri na nani hasubiri.

Tarehe 5 Machi 2024 madiwani walipitisha bajeti ya kupunguza takriban pauni milioni 300 kwa miaka miwili. Kodi ya kaunsili ikapanda asilimia 9.99. Kwa kawaida kaunsili ikitaka kupandisha asilimia 5 au zaidi lazima iitishe kura ya maoni; Birmingham ilipewa ruhusa maalumu na serikali. Mwaka 2025 ikapanda tena, asilimia 7.49. Piga hesabu: kama sehemu ya jiji kwenye bili yenu ilikuwa pauni 1,200, baada ya miaka miwili ni kama 1,419. Hizo 219 za ziada kuna nyumba ambazo ni chakula cha wiki kadhaa.

Serikali pia iliruhusu hadi pauni bilioni 1.255 zitumike kuziba pengo. Usidanganyike, hiyo si zawadi. Ni ruhusa ya kukopa na kuuza mali, na jiji likapanga kuuza ardhi na majengo ya thamani ya takriban milioni 750. Kiwanja kikishauzwa hakirudi. Ndiyo maana ilileta maneno pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walipohoji kama lile kadirio la milioni 760 lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Zilizobaki zilikatwa wapi? Sheria inailazimisha kaunsili kulinda watoto walio hatarini na kuhudumia wazee na walemavu, na huko ndiko pesa nyingi zinakokwenda. Hata huko zilipunguzwa. Lakini kisu kinaingia kwa urahisi pale ambapo sheria imelegea. Ruzuku kwa taasisi kubwa za sanaa ilikatwa nusu, halafu ikafutwa kabisa. Taa za barabarani zikapangiwa kupunguzwa mwanga. Huduma za vijana zikabanwa. Maktaba? Sheria ya 1964 inataka kuwe na huduma ya maktaba, lakini haisemi ziwe ngapi wala zifunguliwe siku ngapi.

Sasa jiulize nani anazihitaji sehemu hizo. Mtoto asiye na chumba chake hufanya homework maktaba. Mama anayetoka kazini usiku na kushuka kwenye basi la 14 anahitaji taa. Yaani zile familia ambazo mama zao ndio wasafishaji na wahudumu, ndizo zilizopelekewa bili ya kosa walilotendewa.

Taka na deni ni hadithi moja

Machi 2025 wazoa taka waliingia kwenye mgomo kamili. Mwisho wa mwezi kaunsili ilitangaza hali ya dharura; takriban tani 17,000 za taka zilikuwa barabarani. Tuliona mifuko, tuliona panya, dunia nzima ikatuona. Wachache walieleza chanzo. Kaunsili ilitaka kufuta cheo kimoja kwenye magari ya taka, ikisema kukibakiza kungefungua madai mapya ya malipo sawa. Chama cha Unite kikasema baadhi ya wafanyakazi wangepoteza hadi pauni 8,000 kwa mwaka, kaunsili ikapinga hesabu hiyo. Ni deni lile lile, limerudi kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba safari hii usawa ulitafutwa kwa kumshusha mmoja badala ya kumpandisha mwingine.

Kupona kumeanza, hilo tuliseme pia. Desemba 2024 kaunsili na vyama vya GMB na Unison walitangaza makubaliano ya kumaliza madai ya watu wapatao 6,000. Lakini hesabu zikishakaa sawa, swali bado liko pale pale: kipi kirudi kwanza?

Wewe ufanye nini?

Kwanza, kagua bili ya nyumbani. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Nyumba ya wanafunzi watupu wa masomo ya kutwa hailipi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa kodi, na mtu yeyote anaweza kuomba malipo yagawanywe kwa miezi 12 badala ya 10. Wazee wetu wengi hawajui, na hawaulizi kwa sababu wanaona aibu.

Pili, kabla ya kila bajeti kaunsili hukusanya maoni ya wakazi. Kaa na mzazi wako, mjibu pamoja. Tumezoea kuwatafsiria wazazi kile jiji linachowaambia. Tuanze kulitafsiria jiji kile wanachosema wao.

Shangazi yeye ameshasema lake. "Wakipata pesa," aliniambia, "waanze na taa."