Jenerali Anayehama: Je, Uaminifu Unanunuliwa?

Leo hatuanzi na vita vyetu. Tunaanza na mchezo.

Mwaka 1985 kampuni moja ya Japani, Koei, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Sangokushi, maana yake habari za falme tatu. Tangu hapo umetolewa upya mara nyingi. Unahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe katika China ya kale, enzi ya Han ilipokuwa ikivunjika. Uasi mkubwa ulianza mwaka 184, na inchi haikuunganishwa tena mpaka mwaka 280. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka mia moja.

Katika mchezo huo wewe ni mtawala. Una miji, una chakula, una dhahabu, na una majenerali. Kila jenerali ana namba yake ya uaminifu, na namba iliyo kamili ni 100. Ukimpa dhahabu au farasi mzuri, namba inapanda. Ukimsahau inashuka, mpaka siku moja adui anamtumia barua naye anahamia upande wa pili. Kijana aliyenionyesha mchezo huo alikuwa akigawa dhahabu kila mara kama baba anayegawia watoto peremende.

Usimcheke. Jambo la mshahara ni la kweli, na sisi tulilijua kwa machozi. Januari 1993, huko Zaire, askari walilipwa kwa noti mpya za milioni tano. Wafanyabiashara walizikataa. Askari aliyeshika noti isiyonunua hata unga aliingia mitaani Kinshasa na bunduki yake, akapora.

Lakini mshahara si yote. Tumwangalie mtu mmoja aliyeishi kweli, Lü Bu. Mchezo unampa nguvu za vita kuliko karibu wote. Bwana wake wa kwanza tunayemjua vizuri aliitwa Ding Yuan. Mwaka 189 Dong Zhuo, aliyekuwa ameteka mji mkuu, alimshawishi Lü Bu amwue Ding Yuan. Akamwua. Dong Zhuo akamfanya mwana wake, akamweka kuwa mlinzi wake. Hebu fikiri: unamchukua mtu aliyemwua bwana wake, unamsimamisha nyuma ya mgongo wako, na silaha mkononi! Tena Dong Zhuo alikuwa mtu wa hasira. Siku moja, kwa jambo dogo tu, alimrushia Lü Bu silaha. Lü Bu alikwepa, akaomba msamaha, lakini moyoni hakusahau. Mwaka 192 alishirikiana na waziri Wang Yun, naye Dong Zhuo akauawa.

Dhahabu alikuwa nayo. Cheo alikuwa nacho. Kilichomgeuza ni hofu, na kuaibishwa.

Baada ya hapo Lü Bu alizunguka kwa bwana huyu na yule. Liu Bei alimpokea, na mwaka 196 Lü Bu akamnyang'anya jimbo lake. Mwisho alizungukwa na jeshi la Cao Cao katika mji wa Xiapi, mwaka 198. Maji ya mito yaligeuzwa yakaingia mjini. Ndipo makomanda wake mwenyewe walipojisalimisha, wakiwa wamemkamata mshauri wake Chen Gong na kumpeleka kwa adui. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Hou Cheng, alimletea Lü Bu pombe na nyama kusherehekea farasi waliorudishwa, naye Lü Bu akamgombeza vikali, kwa sababu alikuwa amekataza pombe. Tangu siku hiyo Hou Cheng aliogopa. Unaona? Aliyegeuka kwa hofu aliwatia hofu wengine, nao wakageuka.

Lü Bu alipofungwa kamba alijitolea kumtumikia Cao Cao. Cao Cao alisitasita. Liu Bei, aliyekuwa amesimama pale, alimkumbusha habari za Ding Yuan na Dong Zhuo. Lü Bu akanyongwa.

Sasa ungetegemea kwamba wote waliokuwa pamoja naye waliuawa. Hapana. Zhang Liao, mmoja wa makomanda wake, alijisalimisha na watu wake, akapewa kazi na cheo. Nami naona hapa ndipo penye fundisho kuliko kwa Lü Bu mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunapenda kusema: aliyekuwa upande ule atabaki wa upande ule milele.

Na kuna jambo la mwaka 200 ambalo namba ya mchezo haiwezi kulionyesha. Cao Cao alipigana na Yuan Shao huko Guandu. Yuan Shao alikuwa na jeshi kubwa zaidi, na watu wengi wa Cao Cao waliamini kwamba bwana wao ataanguka. Wengine walimwandikia adui kwa siri. Cao Cao alishinda, na katika kambi iliyotekwa zikapatikana barua hizo. Angeweza kuzisoma moja moja na kukata vichwa. Aliamuru zichomwe. Alieleza kwamba wakati ule, adui alipokuwa na nguvu hivyo, hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya kuokoka. Sembuse watu wengine?

Huyu Cao Cao hakuwa mtu mpole, mtu asidanganyike. Aliua watu wengi sana katika jimbo la Xu. Lakini alijua kwamba mtu aliyeandika barua kwa woga, akijua imesomwa, hatalala usingizi, na asiyelala hutafuta mlango wa kutokea.

Zhang Liao naye, mwaka 215, alikuwa akilinda mji wa Hefei kwa ajili ya Cao Cao. Jeshi la Sun Quan lilikuja, kubwa mno. Bwana wake alikuwa mbali, na nafasi ya kuhama ilikuwepo. Alichagua watu 800 waliojitolea, akala nao usiku, na kulipokucha akatoka nao kupigana. Mji haukuanguka.

Kwa leo tunakomea hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya askari wa kawaida, yule ambaye hakuna anayemwandikia barua.