Picha ya ukutani: ipi inalipa kwa mkazi wa Issuna?

Unatafuta picha ya maisha ya kijijini, wakulima shambani au wachunga ng'ombe, ya kutundika sebuleni au kuwapa maharusi, na hela ni ya kubana. Njia ziko tatu. Kabla hujatuma chochote, piga hesabu ya picha ikiwa imeshakaa ukutani, maana bei ya muuzaji ni mwanzo tu.

Bango la karatasi

Ni la bei ya chini na halina haja ya kuagizwa mbali. Lakini jua hulipausha na kona huchanika kwenye misumari. Ukitaka lidumu utalitafutia fremu na kioo, na hapo fremu inaishia kuwa ghali kuliko picha. Linafaa kupamba ukuta kwa msimu mmoja. Kwa zawadi, hapana.

Picha ya bamba iliyotiwa rangi kwa mkono

Msanii huchora kwa sindano juu ya bamba la shaba au zinki lililopakwa nta, tindikali ikala mistari, wino ukaingia humo, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Rangi hutiwa baadaye kwa brashi, nakala moja moja. Waingereza waliuza hivyo picha za mashamba yao karne ya 18 na 19. Kwetu, ufundi wa bamba ulifanyika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam.

Kagua kabla ya kulipa. Pitisha kidole pembeni mwa mchoro: utagusa mbonyeo ulioachwa na bamba. Kazi za siku hizi huwa na sahihi ya penseli na namba, mfano 7/30, yaani nakala ya 7 kati ya 30. Ukitumia lenzi ukaona vidoti vya rangi vilivyojipanga, hiyo imetoka kiwandani. Usiilipie bei ya kazi ya mkono.

Ni nzuri, ila ni karatasi. Bila kioo vumbi litaimaliza, na kioo kusafiri kwenye buti la basi ni kubahatisha.

Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alianzisha aina hii ya picha Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi. Wengi huijua kwa wanyama, lakini zipo za soko, shamba na kijiji. Haihitaji kioo, vumbi unalifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Chukua ya turubai. Hadibodi ni nzito na mchwa wanaipenda. Turubai huviringishwa, upande wa rangi ukiwa nje, ikaingia kwenye bomba. Isikunjwe, rangi itapasuka. Na isifungwe ikiwa bado inanata.

Gharama zilizojificha

Tuseme picha ni 30,000. Weka bomba 3,000, mzigo wa basi 5,000, bodaboda 2,000 na fremu ya seremala 10,000. Tayari ni 50,000, kabla ya makato ya kutuma na kutoa hela kwa simu.

Kingine: Issuna iko kwenye barabara kuu ya Manyoni hadi Singida, lakini si kila basi litakushushia mzigo njiani. Uliza kabla. Ukipitilizwa hadi Singida, nauli ya kuufuata ni yako.

Uamuzi

Kwa mwenye hela kidogo, nunua Tingatinga ndogo ya turubai isiyo na fremu, kisha seremala wa kijijini aiwambe. Picha ya bamba inunue ukiwa Dar mwenyewe, uibebe bila kioo, kioo ukiweke Singida. Harusi ikiwa wiki hii, usiagize. Nunua kitu unachokishika mkononi.

Na kwa yeyote anayekuuzia kwa simu: mwombe akupigie picha kazi yenyewe, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana. Akikataa, hela yako ibaki mfukoni.