Turudi Udongoni kwa Njia Gani?

Vijana wetu hapa Toronto wameanza kutuuliza swali ambalo sisi wazee tunalikwepa: je, inafaa maiti ya binadamu igeuzwe mboji?

Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza Marekani kuliruhusu jambo hili kwa sheria ya mwaka 2019. Maiti hulazwa ndani ya chombo kilichofunikwa, pamoja na vipande vya mbao na majani makavu. Vijidudu hufanya kazi yao, joto hupanda kupita nyuzi 55, na baada ya wiki kadhaa hupatikana udongo upatao robo tatu ya mita ya ujazo. Jamaa huuchukua wakapandia miti.

Ontario haijaidhinisha huduma hiyo. Hata hivyo, tangu mwaka 2012 makaburi ya Meadowvale, Brampton, yametenga sehemu ya maziko ya asili: maiti haitiwi dawa, na huzikwa kwa sanda au jeneza liozalo upesi. Kwa Waislamu wa pwani sanda si jambo geni. Lakini kwao kaburi hubaki mahali pake na maiti haisumbuliwi, jambo ambalo mboji haiwezi kuliahidi.

Tunaamini kwamba hatari kubwa haimo katika njia, bali katika ukimya wetu. Profesa Wangari Maathai hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alipofariki mwaka 2011, familia iliuheshimu usia huo: alilazwa katika jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi, kisha mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi, ingawa wengi walishangaa. Kinyume chake, wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane na ukoo wakashtakiana, naye akazikwa Nyalgunga Mei 1987, baada ya miezi mitano.

Nasi tulioko ugenini tujue sheria ya hapa. Katika Ontario, msimamizi wa mirathi aliyetajwa katika wosia ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya maiti. Matakwa ya marehemu, hata yakiandikwa, hayamfungi. Basi tumchague mtu anayeyaridhia matakwa yetu, tumweleze waziwazi, na jamaa wa nyumbani tuwaarifu mapema. Mazungumzo hayo ni mazito, lakini ni mepesi kuliko kesi mbele ya jeneza.